UZI: Jicho linavyotazama, la mtu na la mnyama (bahari, zizi na msitu, Unguja na Pemba)

Nahodha_Kojani

Asalaam aleikum.

Kila likiingia giza la mwezi na mashua za dagaa zikaanza kutoka, suali moja hurudi humu: vipi mtu mwenye macho mazima asikione chombo kilicho mita 200 mbele yake, na mwenzake aliyekaa omo, mbele ya chombo, akakiona? Nafungua uzi huu kwa jicho la mtu usiku. Wa mifugo, wa pweza na wa msituni wataendelea na vyao, maana jambo ni moja. Hakuna jicho linaloona kila kitu, na ukijua jicho linakosa nini utajua namna ya kulitumia.

Nyuma ya jicho letu kuna seli za aina mbili. Koni ni kiasi cha milioni 6; hizi zinajua rangi na vitu vidogo vidogo, ila zinataka mwanga. Fimbo zinapita milioni 90, rangi hazijui, na ndizo za gizani. Sasa pale katikati kabisa, panapoelekea kitu unapokikazia macho, hakuna fimbo hata moja. Ndiyo maana taa hafifu ukiikodolea inapotea, ukitazama kando yake kidogo inarudi. Kando kiasi gani? Nyoosha mkono mbele, kunja ngumi: upana wake ni kama nyuzi (digrii) 10. Tazama ngumi moja na nusu pembeni mwa kitu unachokitafuta.

Koni huzoea giza kwa dakika kama 10. Fimbo zinataka nusu saa, pengine zaidi. Simu ikikumulika usoni sekunde chache tu imekutia kiwi, na ile nusu saa imekwenda bure. Kwa hiyo:

Mtu wa omo asikae karibu na karabai wala taa ya dagaa. Anayeshughulikia taa si mlinzi, hata awe na macho makali vipi. Taa nyeupe zizimwe au zifunikwe nusu saa kabla zamu yake haijaanza.

Ndani ya chombo tumieni tochi nyekundu, tena hafifu, kwani fimbo wekundu karibu haziuoni, basi haziharibiki. Ikibidi kuwasha nyeupe, afumbe jicho moja kabisa mpaka izimwe. Macho hayazoei giza kwa pamoja, kila moja lina hesabu yake.

Na hili wengi wanalikosea: usiupitishe macho upeo mzima kwa mkupuo mmoja. Jicho linapohama kutoka hapa kwenda pale, kwa muda ule ubongo hauichukui picha. Unadhani umeona bahari yote kumbe umeona vituo vitatu. Gawa upeo vipande vya ngumi moja moja, tua sekunde 2 au 3 kila kipande, kisha songa.

---

Mwani_Paje

Wa alaykum salaam ami. Masuali mawili. Kwanza, ni kweli kwamba taa moja peke yake gizani huonekana inatembea hata kama imetulia? Pili, mtu akiwa kwenye ngalawa anaona mbali kiasi gani?

---

Nahodha_Kojani

Ni kweli, binti yangu. Gizani jicho halina kitu kingine cha kulinganisha, na misuli yake haitulii hata sekunde moja. Ubongo unadhani taa ndiyo inayohama. Dawa ni kuipima taa kwa kitu cha chombo chenyewe: mlingoti, kamba ya tanga, ukingo. Kaa palepale, kichwa palepale, chombo kikishika mwelekeo uleule.

Na hapo ndipo penye hatari yenyewe. Taa inayosogea ikauacha mlingoti itakupita mbele au nyuma. Taa inayobaki palepale kwenye mlingoti huku inazidi kukua, hiyo inakuja kukugonga. Jicho letu limeumbwa kushtuka kwa kitu kinachohama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kinachokuja moja kwa moja hakihami, kinakua tu, na mwanzo kinakua polepole mno. Watu hukiona kikiwa kimeshafika.

Angalia na rangi. Meli ina taa nyekundu upande wake wa kushoto, kijani upande wa kulia. Ukiona moja tu, unaona ubavu wake. Ukiona zote mbili kwa pamoja, omo yake inakutazama wewe. Toka njiani mapema, usingoje akuone.

Umbali: macho yakiwa mita 1 juu ya maji, kama mtu aliyekaa ngalawani, upeo uko kilomita 3.6 tu. Ukipanda mlingoti macho yakawa mita 6 juu ya maji, ni kama kilomita 8.7. Chombo kirefu utakiona mbali zaidi ya hapo, ila utaona kichwa chake tu, mwili uko nyuma ya mgongo wa maji.

---

Tabibu_Zizini

Maalim Nahodha ameanza vizuri. Nachukua ng'ombe na mbuzi.

Sisi watu macho yako mbele, tunaona kiasi cha nyuzi 180 hadi 200 kwa upana, na zipatazo 120 kati ya hizo tunaziona kwa macho yote mawili. Ng'ombe macho yako ubavuni mwa kichwa, anaona nyuzi kama 330. Haoni sehemu mbili: nyuma ya mkia, na chini kidogo mbele ya pua yake. Lakini sehemu anayoiona kwa macho yote mawili ni nyembamba sana, na umbali wa kitu anaupima vizuri hapo tu.

Mambo mengi ya zizini yanatoka hapo. Ng'ombe anayesimama ghafla mbele ya kivuli, mtaro au bomba la maji lililolala njiani watu humwita mkaidi na kumchapa. Ubavuni haoni kina. Kwake kivuli cheusi chaweza kuwa shimo. Anataka kuinamisha kichwa akitazame kwa macho mawili. Mwache sekunde 10 au 20 ainame, atavuka mwenyewe. Ukimchapa wakati huo anainua kichwa, hakioni tena kile kitu, na hofu inazidi.

Kumkaribia: usitokee nyuma ya mkia, hapo teke ni haki yake. Wala usimjie uso kwa uso. Njoo kwa mshazari kuelekea bega, na sema naye kabla hujafika. Bega ndilo mizani. Ukisimama nyuma kidogo ya bega anakwenda mbele, ukivuka mbele ya bega anarudi au anageuka. Hatua moja tu inatosha, huhitaji fimbo wala kelele. Ukitaka asimame, rudi nyuma utoke kwenye eneo lake.

---

Msuka_Konde

Shukran tabibu. Na ile habari ya nguo nyekundu kwenye mchezo wa ng'ombe hapa Pemba? Wazee wanasema nyekundu ndiyo inayomkasirisha.

---

Tabibu_Zizini

Heshima kwa wazee, lakini jicho la ng'ombe halina koni za kuutenga wekundu. Ana aina mbili za koni, sisi tuna tatu. Anaona buluu vizuri, na manjano ya kijani. Nyekundu kwake ni rangi ya kiza kiza, haitofautiani sana na kahawia. Kinachomwita ni nguo kupepea na mtu kukimbia. Nguo nyeupe ikipeperushwa vilevile atakuja vilevile. Na anayetaka kuwa salama pembeni mwa uwanja asitegemee rangi ya kanzu yake, ategemee kutulia na kuwa nyuma ya mti.

---

Bi_Mkwajuni

Tabibu mwanangu, hukutuambia ya mbuzi. Kwa nini mboni yake imelala kama mstari, na ya paka imesimama?

---

Tabibu_Zizini

Shikamoo bibi. Suali hilo lilichunguzwa na watafiti wa California na Uingereza, wakaangalia mboni za aina 214 za wanyama wa nchi kavu na kuchapisha matokeo mwaka 2015.

Mboni iliyolala inampa mbuzi upana: anaona ardhi yote mbele, kando na karibu na nyuma kwa pamoja, na ule ufa mwembamba unapunguza jua la juu lisimtie kiwi. Swali linalofuata ni hili: akiinama kula, si mboni itasimama wima? Haisimami. Jicho linazunguka ndani ya tundu lake, nyuzi 50 au zaidi, mboni ikabaki sambamba na ardhi. Hata wewe unaweza kuliona hili nyumbani. Kaa ubavuni mwa mbuzi anayekula, angalia jicho, kisha mwite ainue kichwa.

Paka ni mwindaji wa kuvizia, na yuko chini karibu na ardhi. Mboni iliyosimama inamsaidia kupima umbali kabla hajaruka. Kwa wanyama wa kuvizia wenye mboni za namna hiyo, wengi kimo chao begani kiko chini ya sentimita 42. Simba na chui ni warefu zaidi, mboni zao ni za mviringo.

Na paka huyo huyo kitu kilicho karibu mno na pua, chini ya sentimita 25 hivi, hakioni sawasawa. Ukimtupia kipande cha dagaa mbele ya miguu akakitafuta kwa pua, hajalewa.

---

Mchokoo_Makunduchi

Naingia na pweza, maana mama zetu wanaokwenda pwani bamvua, maji yanapokupwa kupita kawaida, wanajua mengi ya jicho hili bila kuyaita kwa majina.

Jicho la pweza linafanana na letu kwa nje tu. Kwetu mishipa inapita mbele ya seli zinazoona, kisha inatoboa nyuma kwenda kwenye ubongo, na pale inapotoboa pana doa ambalo halioni. Kwake mishipa iko nyuma tangu mwanzo, doa hilo hana. Mboni yake imelala, na inabaki mlalo hata mwili ukipinduka, kwa sababu kiungo chake cha mizani kinaliongoza jicho. Ana aina moja tu ya seli za kuona, kwa hiyo kwa kadiri inavyojulikana rangi hazitengi kama sisi. Badala yake anaona mawimbi ya mwanga yanatikisika kwa upande gani (polarisheni), jambo ambalo macho yetu matupu karibu hayalijui. Mnyama huyo asiyetenga rangi ndiye anayejigeuza rangi ya mwamba mpaka ukamkanyaga.

Kwa kazi: usimtafute pweza. Tafuta nyumba yake. Angalia tundu lenye mchanga uliosafishwa mlangoni, magamba ya kaa na kombe yaliyorundikwa, na vijiwe vilivyovutwa kuziba. Kisha tafuta uvimbe wa macho umechomoza juu kidogo ya tundu. Mwili umejificha lakini macho lazima yatoke ili yaone.

Usiruhusu kivuli chako kimfikie. Bamvua maji hukupwa sana saa 4 asubuhi hivi, jua liko mashariki. Pwani ya mashariki ukitembea kuelekea mwambani jua liko usoni, kivuli kiko nyuma. Hilo ni zuri kwa pweza, baya kwako, maana maji yanamemeta. Hapo kuna njia tatu. Kofia pana ya ukili inakata mwanga wa juu. Miwani ya jua ya polaroidi inaukata mng'ao wenyewe, ila haifanyi kazi sawa kila pembe: kwa mtu mzima aliyesimama inasafisha vizuri zaidi maji yaliyo kama mita 2 mbele ya miguu. Ukitazama chini wima, faida karibu haipo. Ya tatu ni ndoo iliyokatwa kitako ikawekwa kioo. Ukiigandamiza juu ya maji inaondoa viwimbi, na ndivyo vinavyovuruga picha kuliko kina.

---

Mzamiaji_Fumba

Naongeza ya chini ya maji.

Jicho tupu ndani ya maji linaona ukungu kwa sababu konea, kile kioo cha mbele, ndicho kinachofanya karibu theluthi mbili ya kazi ya kupinda mwanga. Kikigusana na maji kazi hiyo inakufa. Miwani ya kuzamia inarudisha hewa mbele ya konea, basi.

Lakini kioo kina hila. Kila kitu kinaonekana kikubwa zaidi kwa theluthi moja, na karibu zaidi: samaki aliye mita 4 anaonekana yuko mita 3. Anayeanza hunyoosha mkono au mshale mapema, unaishia njiani. Ukiwa juu ya maji ni hivyo hivyo. Chini wima, kina cha sentimita 80 kinaonekana 60. Ukitazama kwa mshazari samaki anaonekana yuko juu kuliko alipo, basi lenga chini yake.

Rangi nazo zinakufa kwa zamu. Nyekundu ya kwanza. Mita 5 imefifia, mita 10 haipo, na changu mwekundu anakuwa wa kijivu. Damu ya jeraha inaonekana kama ya kijani, usidhani ni uchafu ukaipuuza.

Miwani inayofunika macho tu bila pua, usiteremke nayo zaidi ya mita 2 au 3. Mita 10 chini mgandamizo ni maradufu ya juu. Hewa iliyomo inasinyaa, huna njia ya kuijazia, na mishipa ya damu ya jicho inapasuka. Inayofunika na pua, toa pumzi kidogo kwa pua kadiri unavyoshuka.

Ukungu ndani ya kioo: kioo kipya kina mafuta ya kiwandani. Paka dawa ya meno nyeupe, sugua kwa kidole dakika kadhaa, suuza, rudia mara mbili au tatu. Baada ya hapo, kila siku mate kidogo kwenye kioo kikavu, sambaza, suuza mara moja kwa maji ya bahari. Mate hayazuii mvuke. Yanaufanya ulale kama utando badala ya matone, ukaweza kuona. Ukisuuza sana umeyaondoa, ndilo kosa la wengi.

---

Msuka_Konde

Na samaki yeye anatuonaje kutoka chini?

---

Mzamiaji_Fumba

Kwenye maji yaliyotulia anaiona dunia ya juu kupitia duara moja tu juu ya kichwa chake, lenye upana wa nyuzi 97. Samaki aliye mita 1 chini, duara hilo ni kama mita 2.3 kwa upana. Nje ya duara anaona kioo: chini ya bahari ikijirudia juu. Pwani yote, minazi, watu, vimebanwa kwenye ukingo wa duara. Mvuvi wa mshipi akichutama au akirudi nyuma hatua kadhaa anashuka ukingoni kabisa, haonekani vizuri. Akisimama juu ya jiwe anapanda duarani.

---

Misali_Usiku

Naomba taa zizungumzwe tena, safari hii kwa ajili ya kasa na ng'amba.

Vitoto vikitoka mchangani usiku havijui bahari iko wapi. Vinafuata upande wenye mwanga ulio chini kwenye upeo, na kukimbia kivuli kirefu cheusi cha miti. Kwa muda wote waliokuwepo duniani, upande wa mwanga ulikuwa bahari. Leo taa ya ukumbi wa hoteli inang'aa kuliko maji, vinapanda juu kuelekea barabarani na bustanini, jua linachomoza vimekauka au vimeliwa na kunguru na kaa. Jambo hili linauma kwa sababu kulizuia ni rahisi.

Wenye nyumba ufukweni: taa ishushwe, ifunikwe juu na upande wa bahari, iwe ya rangi ya kaharabu au nyekundu, kwani macho ya kasa hayavutwi sana na rangi hizo. Kupunguza ukali wa taa nyeupe bila kuifunika hakutoshi. Pazia lifungwe. Hesabu ya mayai kuanguliwa ni kiasi cha miezi miwili tangu kutagwa. Wiki ya mwisho zimeni kabisa. Kwa kasa mkubwa anayepanda kutaga, hata tochi nyekundu msimmulike usoni, na picha za flashi hapana.

---

Komba_Jozani

Kwa ufupi ya msituni.

Komba na paka wana kioo nyuma ya seli za jicho kinachorudisha mwanga mara ya pili, ndicho kinachowaka. Mwanga huo unarudi palepale ulipotoka. Ukishika tochi kiunoni huoni macho ya komba hata akiwa mbele yako. Iweke kando ya jicho lako, sikioni, pitisha polepole kwenye matawi. Ukimpata, hamisha mwanga pembeni. Jicho lake ni kubwa mno kuweza kuzunguka sana ndani ya tundu, ndiyo maana anageuza kichwa kizima mpaka nyuma. Kibundi wa Pemba kule Ngezi kadhalika, kwake jicho halizunguki kabisa.

Kima punju ana koni tatu kama sisi, kwa hiyo nyekundu anaiona, na majani machanga mekundu katikati ya yaliyokomaa anayachambua mapema. Usimkazie macho kwa muda mrefu. Kwa nyani na kima wengi huo ni ugomvi.

Na popo wa Pemba si kipofu. Popo wale wakubwa wanaolala Kidike hawatumii mwangwi wa sauti, wanategemea macho na pua. Wakiamshwa mchana kwa makofi wanakuona vizuri, na wanapoteza nguvu walizoziweka kwa safari ya usiku.

---

Mwani_Paje

Ahsanteni sana. La mwisho: wale kaa wadogo wa matope ya mikoko, wenye gando moja kubwa. Wanafunzi wa skuli wanataka kuwatazama, lakini hatua 10 kabla hawajafika wote wameshaingia mashimoni. Wachutame?

---

Mchokoo_Makunduchi

Kuchutama kunasaidia, dada. Umbo likiwa dogo wanatulia upesi.

---

Tabibu_Zizini

Kunasaidia kidogo, lakini sababu si kwamba hawaoni. Macho ya kaa yule yako juu ya vijiti, sentimita 2 au 3 tu kutoka chini, na sehemu kali ya jicho ni mkanda mwembamba unaoufuata upeo. Hesabu yake ni fupi: kinachoonekana chini ya mstari wa upeo ni kaa mwenzake, kinachovuka juu ya mstari huo ni adui. Mtoto aliyechutama, hata aliyelala kifudifudi, bado anavuka mstari wa jicho lililo sentimita 3 juu ya tope. Kwa hiyo wataingia tu, mara ya kwanza.

Kinachowatoa ni kutulia. Wanafunzi wafike, wakae chini kwenye mkeka mita 3 au 4 kutoka mashimoni, upande ambao vivuli haviendi kwa kaa, mikono magotini. Wangoje dakika 10 hadi 15. Kaa wa kwanza atatoa kijiti kimoja cha jicho, kisha mwili nusu. Hapo ndipo mtu hunyoosha kidole na kuharibu kazi yote. Anayetaka kuandika aweke daftari mapajani kabla ya kukaa, na asogeze kalamu tu.

---

Mwani_Paje

Shukran. Mkeka, mita 4, robo saa, daftari mapajani. Tutakwenda maji yakikupwa Jumamosi.